Tone la Damu Kando ya Kitanda

Mtoto mwenye malaria kali akipoteza fahamu, kwa macho tu huwezi kujua kama ubongo umeelemewa na vimelea au umeishiwa sukari. Degedege ni lile lile, na kulegea ni kule kule. Tofauti ni kwamba hali ya pili inaweza kurekebishwa ndani ya dakika chache kwa glukosi ya mshipani, mradi yupo mtu aliyekumbuka kupima. Kwa sababu hiyo naihesabu mashine ndogo ya kupima sukari kuwa miongoni mwa vifaa vya thamani kubwa kabisa katika wodi ya watoto. Na kwa sababu hiyo hiyo inafaa tujue inapima nini hasa, na lini hutupotosha.

Sukari ya mgonjwa wa malaria hushuka kwa njia kadhaa kwa pamoja. Mtoto hajala tangu jana, akiba iliyokuwa kwenye ini imekwisha, ini lenyewe limechoka kutengeneza nyingine, na vimelea waliojificha ndani ya chembe nyekundu za damu wanakula glukosi kwa pupa. Zamani dawa ya kwinini iliongeza shida, maana huchochea kongosho kumwaga insulini, hasa kwa wajawazito. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kufuatilia watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo waliolazwa Hospitali ya Teule huko Muheza, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa dawa ya atesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Waliopungukiwa sukari baada ya kuanza dawa nao walikuwa wachache zaidi upande wa atesuneti. Wachache, lakini walikuwepo, na bado wapo.

Mtu atauliza kwa nini damu isipelekwe maabara kwenye mashine kubwa. Ikipelekwa ni vizuri, ila chembe za damu hazifi zikishaingia kwenye chupa. Zinaendelea kula. Katika chupa isiyo na dawa ya floraidi, glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 hivi kila saa, na chupa ikisubiri mhudumu wa kuibeba kwa saa tatu, jibu litakalorudi litakuwa la damu iliyojila yenyewe. Kipimo cha kitandani hutoa jibu kwa sekunde chache.

Kazi yenyewe hufanyika ndani ya stripu, kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine na kupokea tone la damu. Kwenye ncha yake kumepakwa kimeng'enya, mara nyingi glukosi oksidesi, ambacho hunyang'anya glukosi elektroni. Elektroni hizo hupokelewa na kemikali ya kati, zikafikishwa kwenye waya mwembamba, na mashine ikapima mkondo wa umeme uliopita: sukari nyingi, umeme mwingi. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilitolewa mwaka 1962 na Leland Clark na Champ Lyons huko Birmingham, Alabama, Marekani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila wodi ilijue. Mashine haioni glukosi moja kwa moja. Inaona glukosi iliyofanikiwa kupenya kutoka kwenye majimaji ya damu hadi kwenye kimeng'enya, na chembe nyekundu huwa njiani. Stripu hutengenezwa kwa kukisia kwamba damu ina chembe za kiwango cha kawaida. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, ambaye himoglobini yake imeshuka hadi gramu 5 kwa desilita, ana chembe chache mno. Majimaji hupenya kwa wepesi, na mashine isiyo na uwezo wa kusahihisha husoma juu kuliko ukweli. Yaani yule yule ambaye malaria imemmaliza damu, na aliye katika hatari ya kuishiwa sukari, ndiye ambaye mashine inaweza kumtangaza kuwa salama. Mashine mpya kadhaa hupima wingi wa chembe na kurekebisha jibu, ila kila moja ina mipaka yake, nayo imeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi la stripu. Karatasi hiyo isitupwe.

Mgonjwa aliye katika mshtuko, mikono baridi na mapigo hafifu, naye hutoa damu ya kidole isiyowakilisha iliyomo moyoni na ubongoni. Huyo achukuliwe damu ya mshipa.

Kosa jingine ni dogo lakini la kila siku. Watafiti wa Japani mwaka 2011 waliwapima watu waliomenya matunda bila kunawa, wakapata majibu ya juu mno. Kufuta kidole kwa pamba yenye spiriti hakukutosha. Maji ya bomba yalitosha. Wodi zetu zimejaa machungwa na maembe ya wanaokuja kuona wagonjwa, kwa hiyo maji na sabuni vitangulie, kisha kidole kikaushwe. Kitobolewe pembeni ya ncha, na kisikamuliwe kwa nguvu, kwa kuwa majimaji ya nyama huchanganyika na damu. Kichupa cha stripu kifungwe mara tu moja ikitolewa. Unyevu wa Tanga au Mombasa huharibu kimeng'enya upesi.

Kitobozi cha kidole ni cha mtu mmoja, mara moja. Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili hata siku 7, na kimewahi kuenea hospitalini kwa kutumia kifaa kimoja cha kutobolea kwa wagonjwa wengi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto aliye mgonjwa mahututi atibiwe sukari ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, au chini ya 3 akiwa na utapiamlo mkali. Hupewa mililita 5 za glukosi ya asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito, kisha hupimwa tena baada ya dakika 30. Mshipa ukikataa kupatikana, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kidogo kwa maji huwekwa chini ya ulimi. Na stripu zikiwa zimekwisha, mtoto aliyepoteza fahamu apewe glukosi hiyo bila kusubiri, kwani hatari ya sukari kuzidi kidogo kwa muda mfupi ni ndogo kuliko ya ubongo kukaa bila chakula.