Zawadi za Krismasi Kagera (Sehemu ya 3): Kabla ya maboksi palikuwa na punje mbili

Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupita Muleba na kuingia Bukoba yakiwa yamesheheni watu na maboksi. Wahaya kurudi nyumbani Krismasi si jambo geni. Jipya ni kwamba katika miaka ya karibuni mkoa umelifanyia tamasha, Ijuka Omuka, linalowahimiza wana Kagera wakumbuke kwao na kuwekeza. Wito mzuri. Lakini ndani ya maboksi yale hujaa wanasesere wa plastiki na maua ya nailoni, vyote vikiwa vimefungwa kwa karatasi za kung'aa ambazo hata mchwa hawazitaki.

Waliosoma sehemu zilizotangulia, ya lubugo (nguo ya magome ya mti) na ya senene, wanajua mjadala huu unaelekea wapi. Zamu hii ni ya kahawa, na si ile ya kikombeni.

Karne nyingi kabla ya mzungu kufika Buhaya, kahawa ya robusta ilikuwa tayari hapa, ikiitwa amwani, na ilitafunwa. Matunda huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa mpaka yakauke kabisa. Mgeni akishaketi, hata kabla ya kuulizwa habari za safari, huwekewa chache mbele yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliandika habari za kahawa hiyo mwaka 1860 ingawa hakuwahi kukanyaga Karagwe. Alisimuliwa na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Maana yake ni kwamba sifa za zawadi hii zilikuwa zimekwisha tembea mamia ya kilomita bila tangazo lolote.

Kwa nini punje mbili? Tunda moja la kahawa kwa kawaida hubeba punje mbili zilizolaliana. Watu wawili walipotaka kufanya udugu wa damu, omukago, kila mmoja alipakaza damu yake kwenye punje, na mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo walikuwa ndugu, kwa shida na kwa raha, na familia zao nazo zilifungwa na kiapo hicho. Gharama ya zawadi hiyo? Tunda moja. Uzito wake ulikuwa katika wajibu ulioifuata, na hapo ndipo boksi la mjini linapopwaya: mtoaji akishapigwa picha, kazi yake imekwisha.

Isidhaniwe kwamba zamani yote ilikuwa asali. Bakama, yaani wafalme wa Buhaya, walijiwekea mamlaka juu ya upandaji wa mibuni, na mtu wa kawaida hakujipandia tu alivyotaka. Zawadi ya kahawa ilipitia ikulu kwanza. Wakoloni ndio walioigeuza kuwa zao la kila kibanja, na kufikia mwaka 1950, Bukoba Native Cooperative Union ilipoundwa, kahawa ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Krismasi nayo ililetwa na wamisionari. White Fathers walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Kwa hiyo anayesema maboksi ni mila ya sikukuu anazungumzia mila changa sana.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kibanja wanalijua vizuri kuliko wataalamu. Udongo wa Bukoba na Ihangiro umechujwa na mvua nyingi. Migomba na mibuni hustawi kwa sababu vizazi vimebeba samadi, na nyasi kutoka rweya (mbuga za nyasi), na kuzitandaza chini yake. Kahawa iliyofungwa kwa magamba makavu ya mgomba huacha kifungashio kinachorudi shambani kikawa mbolea. Karatasi ya kung'aa ikitupwa humo hubaki humo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na watu wakazoea. Kwa vifungashio vya zawadi, familia haina haja ya kungoja amri.

Yapo ya kufanya mwaka huu huu. Ukoo ukubaliane mapema, kabla ya nauli kukatwa, kwamba kila mtu apigiwe kura ya jina moja tu la kumpa zawadi. Bibi aletewe kitenge atakachokivaa, si saa ya ukutani ya tatu. Na watoto wapewe miche. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Maruku kimeshughulikia robusta inayostahimili mnyauko, ugonjwa uliokausha mibuni ya watu wengi. Mche ukitunzwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. La kupatana kabla basi la kurudi halijaondoka ni nani atakayeumwagilia maji kiangazi cha Juni hadi Agosti, maana mtoa zawadi wakati huo atakuwa Dar es Salaam akiulizia mche wake kwa simu.