Chokaa Ndani ya Kioo

Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja, sawa na magofu ya Gedi karibu na Watamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Hata chokaa iliyoyashika mawe hayo ilitokana na bahari: matumbawe yalichomwa kwenye tanuu, yakamwagiwa maji, yakawa unga mweupe ambao mafundi waliuchanganya na mchanga na kujengea. Kwa karne nyingi watu wa pwani walijua kuugeuza mwamba kuwa chokaa. Katika miaka ya 1970 wafugaji wa viumbe wa baharini nchini Ujerumani walishika njia ya kinyume. Walidondosha maji ya chokaa kwenye matangi ya vioo, sebuleni mwao, ili matumbawe hai yapate cha kujengea mifupa.

Kabla ya hapo tangi la maji ya chumvi lilikuwa nyumba ya samaki tu. Matumbawe yaliyowekwa humo kwa kawaida yalikuwa mifupa mikavu iliyopaushwa, pambo lisilo na uhai. Aliyeonyesha mapema kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti ni Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 alieleza katika jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist, jinsi alivyokuwa akifuga matumbawe bila chujio lolote. Alitia maji ya bahari na mawe yaliyotolewa mwambani yakiwa na viumbe wake wote, akapitisha viputo vya hewa polepole, akaacha jua liingie. Kazi ya kusafisha maji ilifanywa na bakteria waliojaa katika vitundu vya mawe.

Lee Chin Eng alikuwa na bahari na jua la ikweta karibu. Aliye Berlin hana hata kimoja. Ndiyo maana wafugaji wa huko, wakifuata mafunzo ya mtaalamu wa matangi Peter Wilkens, walilazimika kukitengeneza kila kitu: chumvi ya dukani, taa kali, pampu za kuzungusha maji na skima, yaani bomba linalopuliza viputo vidogo sana ili uchafu ushikamane navyo na kutoka kama povu la kahawia. Juu ya hayo waliongeza maji ya chokaa. Mjini humo mfugaji Dietrich Stüber alikuza Acropora, matumbawe ya matawi yanayosifika kwa udhaifu wake, hadi akawa anakata vipande na kuwagawia wenzake. Vipande vya vipande hivyo vilisambaa kutoka tangi hadi tangi, nchi hadi nchi.

Uwezekano huo wa kukata na kugawa unatokana na umbo lenyewe la kiumbe. Tumbawe si mmea wala jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo wanaofanana kabisa, kila mmoja akiwa na mdomo na mikono ya kunasia chakula, wote wakiwa wamekaa juu ya mfupa mmoja walioujenga pamoja. Tawi likivunjwa na kugandishwa kwa gundi kwenye jiwe jingine, huendelea kukua kama kundi jipya. Ndani ya seli za wanyama hao unaishi mwani wa chembe moja, ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya nguvu anazohitaji. Kwa hiyo taa ni chakula. Lakini tumbawe lililozoea kivuli likiwekwa ghafla chini ya taa kali huungua, na mfugaji makini huanza na mwanga hafifu, akiuongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Mfupa ndio unaodai hesabu. Ili kuujenga, tumbawe huchukua kalsiamu na bikaboneti kutoka majini na kuzifanya fuwele za kaboneti ya kalsiamu, kitu kile kile kilichomo katika jiwe la chokaa. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita. Akiba ya bikaboneti hupimwa kama ualkali, kwa digrii za Kijerumani. Bahari ina karibu 7, na wafugaji wengi huweka matangi yao kati ya 7 na 9. Sasa, tuseme matumbawe yametumia miligramu 20 za kalsiamu katika kila lita. Ukipima kalsiamu utaona 400 na kudhani hali ni shwari, maana kilichopungua hakifiki hata sehemu moja ya ishirini. Wakati huo huo ualkali umeshuka kwa digrii 2.8, na kama ulianzia 8, zaidi ya theluthi imekwisha. Tangi lililojaa Acropora zinazokua vizuri linaweza kumaliza digrii moja au mbili kwa siku. Ukitaka kujua kama mfugaji anaielewa kazi yake, muulize ualkali wa jana na wa leo.

Hapo ndipo uzuri wa maji ya chokaa unapoonekana. Chokaa iliyozimwa huleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano ule ule ambao tumbawe huvitumia, kwa hiyo kimoja hakiachwi nyuma. Maji hayeyushi nyingi. Gramu moja na nusu hivi kwa lita, na iliyobaki hutuama chini. Kinachotumika ni yale maji maangavu ya juu, ambayo pH yake hupita 12. Ukiyamwaga kwa mkupuo utaua kila kitu. Hudondoshwa tone kwa tone, hasa usiku, wakati mwani umeacha kazi yake ya mchana, viumbe wanaendelea kupumua, na hewa ukaa inaishusha pH ya tangi. Chombo cha maji ya chokaa kikiachwa wazi, utando mgumu hufanyika juu yake: chokaa imekutana na hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, kama ilivyofanya ukutani Unguja.

Anayeanza leo hahitaji kuyakabili hayo yote mwezi wa kwanza. Anachohitaji ni tangi lisilo dogo mno. Lita 200 ni mwanzo mzuri, kwa sababu maji mengi hubadilika polepole, na kosa dogo halifiki kuwa msiba. Kila lita hutiwa gramu 35 za chumvi ya akwaria, kwa hiyo lita 200 zinameza kilo saba. Chumvi ya mezani haifai hata kidogo, maana haina magnesi, kalsiamu wala bikaboneti. Maji ya bomba nayo yana klorini, na huenda yakabeba shaba kutoka kwenye mabomba. Kiasi kidogo tu cha shaba huua kamba na konokono. Kwa hiyo maji hayo hupitishwa kwanza kwenye mashine yenye utando wa kuchujia, ya aina wanayoitumia watengenezaji wa maji ya chupa.

Kisha kusubiri. Mawe yakishawekwa, amonia hupanda. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni sumu hafifu zaidi. Kwa kawaida makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kujaa mawe, na samaki akitiwa kabla ya hapo huungua matamvua. Baadaye huja utando wa kahawia kwenye mchanga, kisha mwani wa kijani wenye nyuzi. Wengi huvunjika moyo hapa na kulimwaga tangi, ilhali ni hatua ya kawaida inayopita. Konokono husaidia sana. Kangaja naye ni mla mwani hodari, lakini ni samaki wa mwendo mrefu, na kumfungia kwenye tangi dogo ni kumtesa.

Matumbawe ya kwanza yawe laini, yale yasiyo na mfupa mgumu, kwani husamehe makosa. Acropora zije baada ya miezi mingi, vipimo vikishatulia.

Kwa wanaoishi Mombasa au Dar es Salaam shida kubwa ni joto. Tangi linatakiwa kubaki karibu na nyuzi 25 au 26, na chumba kinaweza kupita 30 mchana. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya yavukize, ingawa hewa yenye unyevu mwingi huipunguzia nguvu. Maji huondoka na chumvi hubaki, kwa hiyo kilichopungua hurudishwa kwa maji baridi, si ya chumvi. Nairobi, kwenye usiku wa Julai, mambo hugeuka na hita ndiyo inayohitajika. Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni ukosefu wa oksijeni, nayo huanza kuonekana baada ya saa chache tu. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha lazima.

Lazima pia ni glavu. Baadhi ya matumbawe-vitufe, hasa jamii ya Palythoa, yana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazopatikana katika viumbe. Kuna familia zilizolazwa hospitalini baada ya mtu mmoja kuchemsha au kusugua jiwe lenye viumbe hao, na mvuke kuenea nyumbani.

Wala mtu asidhani kuwa kuishi karibu na mwamba kunamruhusu kwenda kuvunja tawi. Matumbawe yote ya mifupa migumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Mwamba wetu umeumizwa vya kutosha na joto la mwaka 1998, na tena 2016 na 2024. Maji yakizidi kiwango cha juu cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, mwani hutoka ndani ya tumbawe, nalo hubaki jeupe na njaa. Kipande kilichokuzwa tangini na mfugaji mwingine ndicho chenye heshima.

Na maarifa ya tangini sasa yanautumikia mwamba wenyewe. Katika jumba la makumbusho la Horniman, London, timu ya Jamie Craggs iliiga mwaka mzima wa bahari ndani ya matangi: kupanda na kushuka kwa joto, urefu wa mchana, hata kuchomoza kwa mwezi. Mwaka 2017 walitangaza kuwa aina nne za Acropora zilitaga humo, jambo ambalo baharini hutokea kwa usiku chache tu kwa mwaka. Agosti 2019, kwa mbinu zilizotokana na kazi hiyo, Florida Aquarium ilifanikiwa kutagisha tumbawe-nguzo la Atlantiki, ambalo pwani ya Florida lilikuwa karibu kutoweka. Miaka minne baadaye joto kali lilipoikumba bahari hiyo, wahifadhi waliyang'oa matumbawe kwenye vitalu vya chini ya maji na kuyakimbiza nchi kavu, kwenye matangi yenye pampu na vipoza-maji, yakangojea huko hadi bahari ipoe.