Fumbo Moja kwa Siku



Kila usiku baada ya sala ya Isha, nyumbani kwetu Mombasa husikika swali lile lile katika simu: "Baba, umeshalipata neno la leo?" Aulizaye ni kaka yetu aliyeko kazini Maskati. Ajibuye ni baba, mwalimu mstaafu, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mazungumzo na mwanawe huyo ila ya afya na ya fedha za matumizi. Sasa wamepata jambo la tatu, nalo ni neno la herufi tano.

Mchezo wenyewe huitwa Wordle. Hutafutwa neno moja la Kiingereza, na mchezaji hupewa nafasi sita za kukisia. Herufi iliyo mahali pake hugeuka kijani. Iliyomo katika neno lakini si mahali pake hugeuka manjano. Isiyokuwamo huwa kijivu. Neno ni moja tu kwa siku, na jipya hufunguka saa sita ya usiku kwa saa za mahali alipo mchezaji. Maskati imetutangulia kwa saa moja, hivyo kaka hulipata neno kabla yetu, na kwa adabu hunyamaza.

Aliyeubuni ni Josh Wardle, mhandisi wa programu mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, New York. Hakukusudia biashara, alimtengenezea mwenzi wake, Palak Shah, aliyependa mafumbo. Maneno ya Kiingereza ya herufi tano yalikuwa yapata 12,000, na Palak Shah ndiye aliyeyapepeta hadi yakabaki kiasi cha 2,500 yanayojulikana na wengi. Tarehe 1 Novemba 2021 wachezaji walikuwa 90. Miezi miwili baadaye walikuwa wamepita 300,000, na mwisho wa Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua mchezo huo kwa zaidi ya dola milioni moja.

Hauna dau wala ahadi ya fedha, na kwa hilo hauhusiani na kamari zilizojaa katika simu za vijana wetu. Tena una mwisho. Ukishalipata neno, hakuna jipya mpaka kesho. Mtu huweka simu chini akarudi kwa watu wake. Hilo ndilo lililotupendeza zaidi.

Hata hivyo, umo mtego mdogo. Mchezo huhesabu siku ambazo mtu ameshinda kwa mfululizo, na akishindwa mara moja hesabu hurudi kwenye sifuri. Baba alikuwa amepita siku 100. Usiku mmoja mama alirudi kutoka kliniki akaketi karibu naye, akawa anamweleza aliyoambiwa na daktari juu ya macho yake. Baba akawa anaitikia "naam, naam," na kidole chake kikitafuta herufi. Nafasi ya sita ilipopotea, akaguta kwa uchungu: "Ah! Imekwenda!" Mama akakatiza maneno, akainuka kwenda jikoni. Sisi tuliokuwapo tuliinamisha nyuso.

Baba alikaa kitambo, kisha akamfuata. Tulimsikia akisema, "Niwie radhi. Aliyosema daktari sikuyasikia hata moja. Nieleze tena." Mama akamweleza tangu mwanzo: jicho la kushoto limeanza kuingia mtoto wa jicho, nalo lahitaji kupasuliwa.

Tangu usiku ule baba haulizi tena hesabu ya siku. Fumbo huchezwa sebuleni, wote tumeketi, kaka akiwa katika simu iliyowekwa sauti. Mama hajui Kiingereza, na hakukubali kuwa mtazamaji. Sisi wa pwani hatukufunzwa mafumbo na intaneti. Bibi zetu walitufunza vitendawili gizani, na kinyume cha kugeuza silabi ili wageni wasituelewe. Basi mama amewekewa zamu yake. Neno la Kiingereza likishapatikana, hutamka, "Kitendawili!" nasi twaitikia, "Tega!"

Juzi, siku tatu kabla ya kupasuliwa jicho, alimtegea kaka moja gumu. Kaka alikisia mara nne, zote akakosa.

"Nipe mji," mama akamwambia.

"Chukua Maskati."

"Huo siutaki, umenichukulia mwanangu. Nipe mwingine."

Kaka akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi chukua Mombasa, mama. Nimeshakata tikiti. Nitakuwapo Jumatatu."