Redio za FM: Mwenye Tangazo Ananunua Nini?

Ushindani katika biashara ya redio nchini ulifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993. Kabla ya hapo, mfanyabiashara wa Tanzania Bara aliyetaka bidhaa yake isikike hewani alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, Radio Tanzania Dar es Salaam. Radio One ilianza mwaka 1994 na Clouds FM mwaka 1999. EFM ikaja mwaka 2014, na Wasafi FM mwaka 2019. Sasa tatizo la mwenye duka si kukosa kituo, bali kujua analipia nini.

Kituo cha FM hakimuuzii msikilizaji kitu. Muziki na habari anavipata bure. Kinachouzwa ni usikivu wake, na wanunuzi ni wenye matangazo. Bidhaa hii haiwekwi ghalani. Sekunde 30 za saa 1 asubuhi zikipita bila tangazo, zimeoza kama nyanya. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa nafasi nyingi kwa mkupuo ana nguvu ya kuomba punguzo, hasa kwa saa zisizo na wanunuzi. Saa ghali ni zile za asubuhi watu wakienda kazini, na jioni wakirudi.

Mauzo huwa ya namna tatu. Kuna tangazo fupi lililorekodiwa, kuna udhamini wa kipindi kizima, na kuna mtangazaji kuisifu bidhaa kwa maneno yake mwenyewe. Hii ya tatu ina nguvu kwa sababu msikilizaji humwamini mtangazaji kama jirani. Lakini hapo hapo ndipo penye hatari.

Gharama za mtambo, umeme na leseni hazibadiliki sana, wawe wasikilizaji ni elfu moja au laki moja. Kwa hiyo mtangazaji anayevuta wasikilizaji wapya huongeza mapato bila kuongeza sana gharama, na vituo hunyang'anyana watu wa aina hiyo. Mtangazaji wa michezo Maulid Kitenge amepita Radio One, EFM na Wasafi FM. Mwaka 2016 Gerald Hando na Paul James, waliojulikana kwa kipindi cha asubuhi cha Clouds FM, walihamia EFM. Mtangazaji akihama, mtambo na leseni hubaki, lakini sehemu ya wasikilizaji huweza kuifuata sauti.

Mfanyabiashara aliyelipia miezi mitatu kwa ajili ya jina la mtangazaji anaweza kujikuta mwezi wa pili analipia sauti ngeni kwa bei ile ile. Dawa yake ni mkataba. Jina la mtangazaji liandikwe, pamoja na haki ya kupunguziwa bei au kurudishiwa salio akiondoka. Lipa kwa awamu inapowezekana.

Jambo la pili ni masafa. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, na milima huyazuia. Kituo kinachosikika vizuri Kariakoo huenda kisisikike kijijini kwa mteja wako, ila kama kina mtambo wa kurushia huko. Uliza mitambo iko wapi, kisha mpigie simu mtu wa huko ahakikishe. Pia waulize wateja dukani walikusikia wapi. Daftari hilo la wiki mbili lina faida kuliko sifa za afisa masoko wa kituo.

Kwa mwekezaji mdogo, somo liko Nairobi. Mwaka 2016 Nation Media Group, kampuni yenye hisa sokoni, ilitangaza kufunga vituo vyake vya QFM na Nation FM. Kampuni ilikuwa na jina kubwa na magazeti yenye nguvu, lakini hayo hayakutosha kuvinusuru vituo hivyo. Kwa hiyo anayeshawishiwa kuweka fedha katika kituo asitosheke na umaarufu wa watangazaji. Aulize mambo matatu: mikataba yao inakwisha lini, mapato yanategemea wadhamini wangapi, na wadhamini hao wanalipa kwa wakati au wanadaiwa? Kituo chenye mdhamini mmoja mkubwa na mtangazaji mmoja maarufu kimesimama kwa miguu miwili, na wote wawili wanaweza kuondoka.