Heshima au Mwili? Maadili ya Vita kwa Mtazamo wa Watetezi wa Wanawake

Nadharia ya vita vya haki, iliyorithiwa kutoka kwa Augustino na Thomaso wa Akwino, huuliza hasa maswali mawili: ni lini halali kuanza vita, na ni matendo gani yaliyo halali vitani. Wanafikra watetezi wa wanawake wameongeza la tatu: ni nani aliyeachwa nje ya hesabu hiyo? Jean Bethke Elshtain wa Marekani, katika kitabu chake Women and War cha mwaka 1987, alionyesha kwamba fikra za vita husimama juu ya sura mbili: mwanamume mpiganaji mwadilifu, na mwanamke mwenye roho safi anayebaki nyumbani akilindwa. Anayelindwa hana sauti, na dhara lake huandikwa kuwa fedheha ya mlinzi wake.

Dosari hiyo yaonekana hata katika maneno ya sheria. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 chaamuru wanawake walindwe dhidi ya shambulio lolote juu ya heshima yao, na ubakaji umetajwa hapo. Heshima, wala si mwili. Kiswahili nacho hakina la kujivunia: kitenzi kunajisi chatokana na najisi, yaani uchafu, hivyo aliyetendewa ndiye anayebaki na doa.

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bwanamesta wa Taba nchini Rwanda mwaka 1994, yafafanua jambo hili kuliko nadharia yoyote. Hati ya kwanza ya mashtaka mbele ya Mahakama ya Arusha haikutaja ubakaji hata kidogo. Mapema mwaka 1997 shahidi mmoja alieleza, pasipo kuulizwa, kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa. Hakimu Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya mahakimu watatu, alikuwa kitini. Juni mwaka huohuo hati ikarekebishwa. Mahakimu walilazimika pia kuchambua maneno ya Kinyarwanda ya mashahidi: gusambanya, kuryamana, gufata ku ngufu. La mwisho ndilo pekee lenye kutaja nguvu waziwazi, nalo halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili. Hukumu ya 2 Septemba 1998 iliueleza ubakaji kuwa uvamizi wa kimwili wenye tabia ya kijinsia, unaotendwa katika hali ya shuruti. Na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba tendo hilo laweza kuwa njia ya mauaji ya kimbari. Neno heshima halikuhitajika katika maelezo hayo.

Katika Kongo, Kanuni ya Adhabu ya 1940 iliuweka ubakaji miongoni mwa makosa dhidi ya utaratibu wa familia. Sheria namba 06/018 ya 20 Julai 2006 ilipanua maana yake, ikakiri kwamba mwanamume naye aweza kubakwa: mtu ambaye sura zile mbili za Elshtain hazikumpa nafasi.