Saa janja inahesabu hatua, kalori inakisia

Mwanza. Kuanzia saa 12 asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, barabara ya Capri Point jijini Mwanza huwa na watu wa mazoezi. Wapo wanaokimbia, wapo wanaotembea wawili wawili wakipiga soga, ziwa likiwa upande mmoja na nyumba zilizojengwa juu ya mawe upande mwingine.

Siku hizi wengi wao wana kitu kinachofanana mkononi: saa nyeusi ya kioo au bangili nyembamba ya mpira. Mzunguko ukiisha, mkono unainuliwa na kioo kinawaka: hatua 6,200, kilomita 4.3, kalori 410.

Namba ya mwisho ndiyo inayoingia hadi jikoni. Baba au mama anarudi nyumbani na kupiga hesabu kwamba kama kalori 410 zimeshachomwa, basi chapati ya pili na chai ya maziwa havina neno. Na yule ambaye bado hajanunua, akifika dukani huuliza swali moja: ipi inahesabu kalori vizuri zaidi?

Tafiti zinaonesha kuwa swali hilo halimsaidii mnunuzi. Vifaa hivi vina kazi vinazozifanya vizuri, hasa kuhesabu hatua, dakika za mazoezi na mapigo ya moyo. Kalori si mojawapo, na familia inayopanga chakula au dawa kwa namba hiyo inaweza kuumia.

Kalori zinatoka wapi?

Ndani ya saa kuna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono. Nyuma yake kuna taa za kijani zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, kiasi cha mwanga kinachorudi kwenye saa hubadilika. Hapo ndipo mapigo yanapohesabiwa.

Kalori hazipimwi na kitu chochote mkononi. Saa huchukua mtikisiko na mapigo, ikachanganya na umri, urefu, uzito na jinsia alivyojaza mvaaji siku ya kwanza, kisha ikakokotoa makadirio. Ndiyo maana saa moja inayovaliwa na baba asubuhi na mama jioni, kwa taarifa za mtu mmoja, itamdanganya mmoja wao kila siku.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuvijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli ya mazoezi. Kwenye mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kwa asilimia 93.

Kosa la asilimia 27 kwenye kalori 400 ni zaidi ya kalori 100, juu au chini. Mtu mwenye kilo 70 akitembea kwa mwendo wa kawaida nusu saa hutumia takribani kalori 120, na soda moja ya mililita 350 ina takribani 150. Kosa la saa peke yake linakaribia kufuta matembezi yote.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Baadhi ya saa huonesha jumla ya kalori za siku nzima, zikiwamo zile ambazo mwili hutumia kupumua na kusukuma damu hata mtu akiwa amelala. Mvaaji anaamka, anakuta kalori mia kadhaa na kudhani ni za mazoezi. Kabla ya kuamini namba, aangalie kama ni ya jumla au ya shughuli tu.

Somo kutoka Ziwa Eyasi

Moja ya tafiti zilizotikisa fikra za dunia kuhusu kalori ilifanyika hapahapa Tanzania. Kusini-mashariki mwa Mwanza, ukishavuka Mkoa wa Simiyu, liko Ziwa Eyasi, nyumbani kwa Wahadzabe ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe 30 watu wazima na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Hawakutegemea saa ya mkononi kupata kalori. Waliwanywesha maji maalumu yasiyo na madhara, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa, njia inayoaminika kuliko zote kwa watu wanaoendelea na maisha yao ya kawaida. Vifaa vya GPS vilionesha kuwa wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake kilomita 5.8.

Ungetarajia wawe wanachoma kalori nyingi kuliko mkazi wa mjini anayekaa ofisini. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao ya nishati kwa siku yalilingana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mtu akizoea kazi nyingi, mwili hubana matumizi kwingine.

Hata hivyo, kutembea kwao hakupotei bure. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017, ambao Wahadzabe walivaa mikanda ya kupima mapigo kifuani, ulionesha kuwa wanapata zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli zinazoupandisha moyo. Shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra kwao, na vipimo vya damu vinavyohusu afya ya moyo vilikuwa vizuri.

Kwa mzazi wa Nyegezi au Igoma, maana yake ni hii: mazoezi yanaulinda moyo hata pale yasipopunguza kilo, na kilo zinaamuliwa zaidi kwenye sahani. Saa inaweza kumsaidia kwenye la kwanza. Kwenye la pili, msaada wake ni mdogo.

Hata wanaovaa ili wapungue hawana uhakika. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, lililochapishwa mwaka 2016, vijana 471 wenye uzito uliozidi walifuatiliwa kwa miezi 24. Waliopewa kifaa walipungua wastani wa kilo 3.5. Wenzao waliojiandikia wenyewe chakula na mazoezi yao walipungua kilo 5.9.

Kazi ambazo saa haizioni

Mwanza ni mji wa milima ya mawe. Mama wa Mabatini anayepanda ngazi za mawe na ndoo ya maji kichwani, mkono mmoja ukiwa umeishika, anafanya kazi nzito kuliko wengi wa Capri Point. Lakini mkono wenye saa umetulia, hivyo hatua zake nyingine hazihesabiwi, na uzito wa ndoo haujulikani kabisa. Ni hivyohivyo kwa mchukuzi wa magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba, na kwa anayeendesha baiskeli mikono ikiwa kwenye usukani.

Kinyume chake, kufua kwa mikono na kusonga ugali kunaweza kuongeza hatua ambazo miguu haikuzipiga, na mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara mbovu pia. Aliyechota maji mara tatu asikubali kuitwa mvivu na saa kwa sababu ina hatua 2,000 tu.

Hata lengo la hatua 10,000 ambalo saa nyingi huja nalo halikutoka hospitalini. Lilienea kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua 10,000. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake 16,741 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionesha kuwa waliopiga takribani hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliopiga 2,700. Nafuu iliendelea kuongezeka hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia.

Kipimo rahisi zaidi ni dakika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka.

Kabla ya kutoa pesa

Bei za vifaa hivi huanzia makumi ya maelfu ya shilingi hadi zaidi ya milioni moja. Mambo haya yanaweza kumwokolea mzazi fedha:

*Aanze na simu.* Simu janja nyingi zina uwezo wa kuhesabu hatua bila gharama ya ziada. Aijaribu wiki mbili. Kama simu hukaa mezani au kwenye mkoba muda mwingi, hapo kifaa cha mkononi kina sababu.

*Achague aina kwa kazi.* Bangili inatosha kwa anayetaka hatua, dakika na mapigo, na betri yake mara nyingi hukaa wiki nzima au zaidi. Saa janja yenye simu na ujumbe hugharimu zaidi, na nyingi huhitaji chaji kila siku moja au mbili, jambo la kufikiria mahali umeme unapokatika. Anayejiandaa kwa Rock City Marathon anaweza kuhitaji mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe na kuwa sahihi zaidi wakati wa kukimbia.

*Ahakikishe inaelewana na simu yake.* Aiunganishe na simu palepale dukani. Programu yake ipatikane kwenye duka rasmi la programu, si kwa kiungo kilichotumwa na muuzaji.

*Ajaribu kwa macho yake.* Aivae, atembee hatua 100 akihesabu, kisha alinganishe. Halafu ashike mshipa wa shingo, ahesabu mapigo kwa dakika moja na kutazama saa inasema nini. Jaribio hili lina maana kwa ngozi nyeusi: utafiti wa Stanford ulikuta makosa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, ingawa mwingine wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2020 haukuona tofauti ya maana, ila ulikuta vifaa vinatofautiana na hukosea zaidi mkono unapotikisika. Saa ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikiwa imebana bila kuumiza.

*Aulize kuhusu maji.* Kustahimili jasho na mvua si sawa na kuogelea. Na kinga ya maji ya saa haimkingi mvaaji na kichocho kilichopo kwenye fukwe za Ziwa Victoria.

*Adai risiti na dhamana* iliyoandikwa muda wake.

Inayodai kupima sukari iachwe dukani

Hatari kubwa kuliko zote imejificha kwenye tangazo linalowavutia wenye mgonjwa nyumbani: saa inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilionya kuwa haijaidhinisha saa wala pete janja yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ilieleza kuwa kipimo cha uongo kinaweza kumfanya mgonjwa atumie dozi isiyo sahihi ya dawa, sukari ikashuka kupita kiasi, akachanganyikiwa, akazimia au kufariki ndani ya saa chache.

Vipo vifaa vya kubandika vyenye kisindano kinachoingia chini ya ngozi, ambavyo hutuma vipimo kwenye simu au saa. Hivyo ni kitu kingine, na huhitaji maelekezo ya daktari. Kwa bibi mwenye kisukari, fedha ya saa ina kazi nzuri zaidi ikinunua mashine ya kawaida ya sukari na vibanzi vyake. Kwa mwenye shinikizo la damu, namba ya kuaminiwa ni ya mashine inayofungwa juu ya kiwiko. Wote wawili waendelee na kliniki, na wasibadili dozi kwa kuangalia saa.

Mtoto asihesabiwe kalori

Mtoto akiiona saa ya mzazi huitaka. Hakuna ubaya akihesabu hatua kwa mchezo, lakini sehemu ya kalori ifungwe au ifichwe. Mwili unaokua unahitaji chakula, na mtoto anayejifunza kwamba kila tonge lazima lilipiwe kwa jasho anaweza kuanza kukiogopa.

WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Rede, kuruka kamba, mpira na kutembea kwenda shule vyote vinahesabika, saa iwepo isiwepo.

Kwa aliyekwishanunua, jambo la kufanya leo ni dogo. Aingie kwenye mpangilio wa saa, aondoe kalori kwenye ukurasa wa mbele na kuweka dakika za wiki pamoja na mapigo ya moyo akiwa amepumzika. Baada ya mwezi aangalie kama dakika zimeongezeka. Kisha apande ngazi zilezile za mawe za nyumbani kwao, aone kama bado anasimama kupumua pale alipokuwa akisimama mwezi uliopita.