Pumu kwa Watoto Wanaotumia Dawa za Virusi: Dawa Isitupwe

Askari anayehamishiwa Arua au Koboko huenda na jamaa yake, na katika jamaa hizo wamo watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Leo watoto hao wanasoma na kucheza mpira kama wenzao. Hayo ni matunda ya dawa, ambazo serikali yetu ilianza kuzitoa bila malipo mwaka 2004. Lakini mtoto anapoanza kukohoa usiku na kifua kulia kama filimbi, mzazi aweza kudhani kwamba dawa ndiyo inayomdhuru, akaificha kabatini. Hilo ni kosa la hatari, nasi tunapenda kulieleza.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na madaktari wa Texas, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Miongoni mwa wenye virusi waliopata dawa kamili, theluthi moja hivi walihitaji dawa za pumu kabla ya kutimiza miaka 14. Kwa wale wasiopata dawa hizo, ni kama mmoja katika tisa. Sababu yake si sumu. Pumu hutokea pale ulinzi wa mwili unapopigana na vumbi au moshi kana kwamba ni adui, na njia za hewa zikavimba na kubana. Virusi vinapowaua walinzi hao, hakuna wa kupigana. Dawa inapowarudisha, baadhi yao hurudi na hasira kupita kiasi. Pumu hutibika. Mwili usio na mlinzi huanguka.

Hata hivyo, si kila kifua kinacholia kina pumu. Chaweza kuwa kifua kikuu, au mapafu yaliyoharibiwa na magonjwa ya nyuma, kama walivyokutwa nayo watoto wengi waliopimwa Harare na Blantyre. Hali hiyo haifunguki kwa dawa ya pumu. Kwa hiyo mtoto apelekwe kliniki yake, iwe Hospitali ya Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Arua, wala asinunuliwe dawa ya kubahatisha dukani.

Huko kliniki mzazi ataje dawa zote anazotumia mtoto. Baadhi ya dawa za pumu za kuvuta kwa mdomo, yaani flutikasoni na budesonidi, hazipatani na ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za virusi. Zikikutana, dawa ya pumu hujilimbikiza mwilini. Mtoto huvimba uso na tezi zake hudhoofika. Beklometasoni haina taabu hiyo. Daktari anajua la kuchagua, ila hawezi kuchagua asiloambiwa.

Kazi iliyobaki ni ya nyumbani. West Nile ni nchi ya kuni, makaa na mabanda ya kukaushia tumbaku. Na wakati wa kiangazi vumbi hutanda na nyasi huchomwa. Katika kambi zetu, kile kibanda tukiitacho "mama ingia pole" hakina nafasi ya jiko na mtoto pamoja. Jiko liwekwe nje, mtoto asilale penye moshi, na baba anayevuta sigara aivutie mbali.

Amri ya uhamisho ikija, kitu cha kwanza kufungwa mzigoni kiwe kadi ya mtoto, barua ya kliniki na dawa za kutosha safari nzima. Mtoto akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, mbavu zikizama au midomo ikigeuka rangi, hakuna kungoja asubuhi: ni hospitali mara moja.

Ndugu askari, mlinzi hodari haachi lindo kwa sababu usiku umekuwa na kelele. Kifua cha mtoto kikilia, tutafute tiba ya kifua, na dawa ya virusi iendelee kila siku, kwa saa yake.